Mahakama Ikimwambia Mkubwa "Hapana"



Mwezi huu sisi walimu wa kujitolea wa madarasa ya jioni tumeombwa tuandike juu ya mahakama. Tulisita kidogo. Sisi siyo mawakili, na wengi wetu tumeishia sekondari tu. Tena neno lenyewe linatisha watu hapa kambini. Mtu akisikia jirani ameitwa kotini, anafikiri moja kwa moja kwamba huyo amekwisha fungwa. Lakini kuna swali tuliloulizwa darasani ambalo hatukuweza kulijibu siku ile, na tumeona bora tulijibu hapa ili familia zote zisome.

Ilikuwa somo la maarifa ya jamii. Tulichora ubaoni mafiga matatu na chungu juu yake. Tukaeleza kwamba nchi ya demokrasia ni kama chungu kile: figa la kwanza ni bunge linalotunga sheria, la pili ni serikali inayotekeleza, la tatu ni mahakama inayoamua pale watu wanapogombana juu ya sheria hiyo. Figa moja likitoka, chungu kinamwagika. Tulifurahia mchoro wetu.

Basi papa mmoja, mtu mzima anayekuja kujifunza Kiingereza pamoja na vijana, akanyosha mkono. Akasema: "Mwalimu, nimekusikia. Lakini kwetu figa la tatu lilikuwa la udongo. Moto ukiwaka, linapasuka. Je, umewahi kuona mahakama ikimwambia mkubwa hapana, halafu mkubwa akakubali?"

Darasa lote likacheka, lakini yeye hakucheka. Muda ulikuwa umekwisha, tukamwambia, "Papa, tutajibu." Leo tunajibu.

DAFTARI LA DENI

Kabla ya kwenda mbali, tuanze hapa hapa mtaani. Miaka michache iliyopita palitokea ugomvi kati ya mwenye kioski na mama mmoja aliyekuwa akikopa sukari, sabuni na chumvi. Mwisho wa mwezi daftari lilionyesha deni la kwacha 18,000. Mama akasema, "Hapana, ni 13,000." Walipotazama vizuri, kweli ile tarakimu ilikuwa imeandikwa juu ya nyingine. Ile 8 ilikuwa nene, kama mtu amepita na kalamu mara mbili.

Wakaenda kwa mzee mmoja. Kumbe yule mzee alikuwa shemeji ya mwenye kioski. Hakuuliza mengi. Dakika tano tu, akasema: "Mama, lipa." Mama akakataa. Ugomvi ukakua, na ninyi mnajua hapa kwetu ugomvi unavyokua: ukaacha kuwa wa sukari, ukawa wa makabila na nchi. Watoto wa upande huu wakakatazwa kucheza na wa upande ule. Wiki tatu watu walichota maji kwenye bomba moja bila kusalimiana.

Mwishowe wakachaguliwa wazee watatu, mmoja Mkongo, mmoja Mrundi, mmoja Mnyarwanda, ambao hakuna hata mmoja aliyekuwa ndugu wa hao wawili. Wakakaa nje, chini ya mti, kila mtu anaona. Wakamsikiliza mwenye kioski mpaka akamaliza. Wakamsikiliza mama mpaka akamaliza. Wakamwita kijana aliyekuwa akiuza pale. Kijana akaeleza kwamba daftari lilinyeshewa na mvua, naye akaandika upya tarakimu zilizofutika, kwa kukumbuka tu.

Wazee hawakusema mama ameshinda, wala hawakusema mwenye kioski ni mwizi. Walisema hivi: "Tarakimu hii haiaminiki tena. Tuhesabu upya, kitu kimoja kimoja." Wakahesabu. Ikatoka 14,500. Mama akalipa kidogo kidogo na salamu zikarudi.

Tumewaletea kisa hiki kwa sababu kazi yote ya mahakama imo humo. Mwamuzi asile sahani moja na upande mmoja. Asikilize pande zote mbili. Atazame ushahidi, siyo sura. Atoe uamuzi hadharani pamoja na sababu zake, hata aliyeshindwa ajue kwa nini ameshindwa. Yule mzee wa kwanza labda alikuwa mtu mwema, hatumsemi vibaya. Lakini uamuzi wake haukuponya kitu, maana hakuna aliyeuamini.

SASA DAFTARI LA NCHI NZIMA

Wengi wenu mlikuwepo hapa Malawi mwaka 2019 na mnakumbuka. Sisi wakimbizi hatupigi kura na hatuna chama, na hapa hatumsifu wala kumlaumu mwanasiasa yeyote. Tunaeleza tu jinsi mahakama ilivyofanya kazi, maana ndilo jibu la swali la papa.

Tarehe 21 Mei 2019 wananchi wa Malawi walipiga kura. Siku sita baadaye Tume ya Uchaguzi ikamtangaza Rais Peter Mutharika kuwa mshindi kwa asilimia 38.57. Lazarus Chakwera alipata asilimia 35.41, na Saulos Chilima asilimia 20.24. Kati ya wa kwanza na wa pili tofauti ilikuwa karibu kura 159,000.

Hapo maneno yakaanza. Karatasi za matokeo kutoka vituoni zilikuwa zimefutwa kwa ile dawa nyeupe ya kufutia, Tipp-Ex, ambayo wanafunzi wetu wanaijua sana. Tarakimu zilikuwa zimeandikwa upya juu yake. Nyingine hazikuwa na sahihi zinazotakiwa. Mnaona? Ni lile lile daftari la kioski, ila safari hii deni lilikuwa la nchi nzima.

Chilima na Chakwera wakaenda mahakamani. Kesi ikasikilizwa Lilongwe na majaji watano wa Mahakama Kuu waliokaa kama Mahakama ya Katiba: Healey Potani, Ivy Kamanga, Redson Kapindu, Dingiswayo Madise na Mike Tembo. Ilianza kusikilizwa Agosti ikaenda mpaka Desemba 2019, na ilitangazwa redioni moja kwa moja. Watu walikaa na redio zao wakisikia mashahidi wakiulizwa maswali magumu. Wakati huo huo barabarani kulikuwa na maandamano miezi mingi. Maduka yalifungwa, na askari polisi mmoja aliuawa Msundwe mwezi wa Oktoba 2019.

Majaji nao walijaribiwa. Palikuwa na mtu mwenye fedha nyingi, mwenye benki, aliyetaka kuwahonga. Majaji hawakunyamaza, walimtolea taarifa, akashitakiwa. Mwaka 2021 alipatikana na hatia, akahukumiwa kifungo cha miaka 9.

Ikafika tarehe 3 Februari 2020. Majaji wale walisindikizwa na jeshi hadi mahakamani, wamevaa fulana za kuzuia risasi. Hebu fikirini: mtu anavaa fulana ya risasi kwenda kusoma karatasi! Hukumu ilikuwa ya kurasa karibu 500, wakaisoma kutwa. Mwisho wake ilikuwa hivi: makosa katika uchaguzi yalikuwa mengi, makubwa na yameenea, kwa hiyo Mutharika hakuchaguliwa kihalali, na uchaguzi urudiwe ndani ya siku 150. Wakasema pia kwamba sheria inaposema "kura nyingi zaidi" katika kumchagua rais, maana yake ni zaidi ya nusu ya kura zote, siyo tu kumzidi anayekufuata.

Tafadhali angalieni jambo moja. Majaji hawakusema Chakwera ndiye rais. Hawakusema Chilima ndiye rais. Kama wale wazee watatu chini ya mti, walisema: tarakimu hii haiaminiki, tuhesabu upya. Mahakama haikuchagua kiongozi mahali pa wananchi, iliwarudishia wananchi kura yao.

Rais hakuupenda uamuzi ule. Aliukosoa wazi, akakata rufaa, na hiyo ni haki yake. Tarehe 8 Mei 2020 majaji saba wa mahakama ya juu ya rufaa, wakiongozwa na Jaji Mkuu Andrew Nyirenda, wakasema uamuzi wa wale watano unabaki. Mwezi wa Juni, siku chache kabla ya kura ya marudio, serikali ikatangaza kwamba Jaji Mkuu aende likizo akisubiri kustaafu. Mawakili wakavaa majoho yao wakaandamana, na mahakama ikazuia mpango ule.

Tarehe 23 Juni 2020 watu wakapiga kura tena. Chakwera akapata asilimia 58.57 akaapishwa. Mutharika akatoka ofisini. Hakukuwa na vita, na hakuna Mmalawi aliyebeba godoro kichwani kukimbilia nchi ya jirani.

Papa, jibu lako ndilo hilo. Ndiyo, tumewahi kuona.

Tena kuna kipande cha pili ambacho wengi hawakizungumzi. Septemba 2025 Malawi ilipiga kura tena, kwa ile ile kanuni ya zaidi ya nusu. Safari hii Mutharika akashinda kwa asilimia zaidi ya 56, na Chakwera, aliyekuwa rais, akakubali kushindwa. Mutharika aliapishwa tarehe 4 Oktoba 2025. Yule yule aliyeshindwa mahakamani mwaka 2020 alirudi kwa kura za watu. Hata Jane Ansah, aliyekuwa mwenyekiti wa Tume ya Uchaguzi mwaka 2019, akawa makamu wa rais. Kwa hiyo kushindwa mahakamani hakumfuti mtu katika nchi. Na mahakama haikuwa rafiki wa huyu wala adui wa yule. Ililinda hesabu tu, na hesabu ikija kukupendelea kesho, ni hesabu ile ile.

Malawi haikuwa ya kwanza. Tarehe 1 Septemba 2017 Mahakama ya Juu ya Kenya, chini ya Jaji Mkuu David Maraga, ilifuta uchaguzi wa rais. Lakini kule rais aliyekuwepo alishinda tena marudio, ambayo mpinzani wake aliyasusia. Hapa Malawi aliyekuwepo alishindwa.

NA KWETU JE?

Sasa tuseme ukweli, maana papa hakuuliza bure.

Ndugu zetu Warundi wanakumbuka mwaka 2015. Makubaliano ya Arusha ya mwaka 2000 yalisema rais asizidi vipindi viwili. Rais Pierre Nkurunziza alikuwa amemaliza viwili akataka cha tatu. Watetezi wake walisema kile cha kwanza hakihesabiki, kwa sababu mwaka 2005 alichaguliwa na bunge na siyo na wananchi moja kwa moja. Swali likapelekwa Mahakama ya Katiba. Makamu wa rais wa mahakama hiyo, Jaji Sylvère Nimpagaritse, akakimbilia Rwanda, akasema majaji wametishiwa. Tarehe 5 Mei 2015 mahakama ikasema rais anaweza kugombea.

Yaliyofuata hatuna haja ya kuwaeleza. Warundi zaidi ya 400,000 walikimbia nchi katika miaka iliyofuata, na baadhi yao ndio ninyi mnaosoma ukurasa huu. Hatusemi kwamba uamuzi mmoja wa mahakama ulileta mambo yote. Ila tunasema kwamba pale ambapo ugomvi ungeweza kuishia ndani ya chumba cha majaji, ulitoka nje ukaingia barabarani, maana watu hawakuuamini uamuzi wa chumba kile.

Miaka sita ikapita. Tarehe 25 Novemba 2021 kitengo cha rufaa cha Mahakama ya Afrika Mashariki, kule Arusha, kilisema kwamba kipindi kile cha tatu kilivunja Makubaliano ya Arusha. Wakati huo Nkurunziza mwenyewe alikuwa ameshafariki tangu Juni 2020. Mama mmoja wa darasani kwetu aliposikia hayo alisema: "Kumbe tulikuwa na haki? Sasa hiyo haki nitaipikia nini?" Hatukuwa na la kumjibu. Lakini mwenzake akamwambia: "Angalau imeandikwa. Mtoto wako hataambiwa kwamba ulikimbia bure."

Ndugu zetu Wakongo nao wanakumbuka uchaguzi wa Desemba 2018. Kanisa Katoliki lilikuwa na waangalizi karibu 40,000 vituoni, na maaskofu wakasema matokeo ya tume hayalingani na waliyoyaona. Martin Fayulu akaenda Mahakama ya Katiba akaomba kura zihesabiwe upya. Tarehe 20 Januari 2019 mahakama ikakataa ombi lake na kumthibitisha Félix Tshisekedi. Nani alisema kweli? Sisi hapa hatuwezi kuhukumu. Lakini watu wengi walibaki na donge moyoni, kwa sababu lile jambo dogo waliloliomba, yaani kuhesabu upya mbele ya watu, halikufanyika.

Kwa hiyo papa alikuwa na sababu ya kusema figa la udongo. Tofauti inatoka wapi? Siyo kwamba Wamalawi ni watu bora kuliko sisi. Wao pia walipitia. Mahali hapa tunapolala palikuwa gereza kabla ya kambi kufunguliwa mwaka 1994. Wakati wa Rais Kamuzu Banda, watu walifungwa hapa Dzaleka kwa sababu ya siasa, wengi bila kufikishwa mbele ya jaji yeyote. Mwaka 1983 wakili Orton Chirwa na mke wake Vera, naye wakili, walihukumiwa kifo na mahakama iliyowanyima mtu wa kuwatetea. Hukumu yao ilibadilishwa ikawa kifungo cha maisha. Orton alifia gerezani mwaka 1992, na Vera alifunguliwa mwaka 1993. Katiba ya mwaka 1994 iliandikwa na watu waliojua maumivu hayo. Ndiyo maana inasema mahakama zote ziwe huru, zisiingiliwe na mtu. Majaji hupendekezwa kwanza na tume maalumu ndipo rais awateue, na Jaji Mkuu lazima apitishwe na theluthi mbili ya wabunge. Rais hawezi kuamka asubuhi akamfukuza jaji aliyemkasirisha.

Lakini maandishi peke yake hayatoshi, hata kwetu yalikuwepo. Mahakama haina jeshi wala haina fedha zake. Nguvu yake ni pale ambapo jaji anakataa rushwa, askari anamlinda jaji badala ya kumtisha, wakili anatembea na joho lake, na aliyeshindwa anakubali kwenda nyumbani. Mwaka 2020 hayo yote yalikutana hapa Malawi. Figa lilikuwa la udongo kama letu, ila wengi walilishika lisianguke.

MAHAKAMA NA SISI WAKIMBIZI

Labda mtu anasema: "Hayo ni ya wenye nchi. Mimi mkimbizi yananihusu nini?" Yanakuhusu sana.

Mwaka 2016 serikali ya Kenya ilitangaza kufunga kambi ya Dadaab, iliyokuwa na mamia ya maelfu ya watu, wengi wao Wasomali. Mashirika ya haki yakaenda kotini. Tarehe 9 Februari 2017 Jaji John Mativo wa Mahakama Kuu ya Nairobi akasema amri ile ni batili. Inabagua, na watu wenyewe hawakusikilizwa. Kambi haikufungwa. Mkimbizi asiye na kura alilindwa na jaji, na hapo ndipo tunaona kwa nini demokrasia siyo kura tu. Kura ni ya wengi. Mahakama ipo pia kwa ajili ya yule mmoja ambaye wengi hawamtaki.

Hata hivyo tusidanganyane. Mahakama siyo mganga. Mnajua yaliyotokea hapa. Mwaka 2021 serikali iliamuru wakimbizi wote wanaoishi mijini na vijijini warudi Dzaleka. Wakimbizi wakaenda mahakamani, wakapata zuio, na amri ikasimama. Mwaka 2022 zuio likaondolewa. Mwezi wa Mei 2023 operesheni ikaanza, na familia nyingi zikaletwa hapa zikiwa zimeacha maduka na mashamba. Serikali ilisema inafuata sheria yake, na ni kweli kwamba Malawi ilipojiunga na mkataba wa wakimbizi wa mwaka 1951 iliweka masharti yake juu ya mambo kama kazi na kutembea huru.

Basi wengine husema, "Mnaona? Koti haikusaidia." Sisi tunaona hivi. Ile kesi haikutupa tulichotaka, lakini iliwapa watu muda wa mwaka na zaidi. Mtoto mmoja tunayemfahamu alimaliza darasa la nane mjini katika muda huo. Na tena kushindwa kwa leo hakuufungi mlango wa mahakama.

Mlango huo umeandikwa katika Katiba ya Malawi, kifungu cha 41: kila mtu ana haki ya kutambuliwa mbele ya sheria na kufika mbele ya mahakama. Hakikusema kila raia. Kimesema kila mtu. Kifungu cha 42 kinasema mtu aliyekamatwa kwa kosa lazima afikishwe mbele ya mahakama ndani ya saa 48, na ana haki ya kuongea na wakili. Wazazi, yajueni haya mawili kwa kichwa. Kijana wako akikamatwa, usikimbie kutafuta pesa ya kumpa mtu pembeni. Uliza amekamatwa kwa kosa gani, yuko kituo gani, na anafikishwa kotini siku gani. Andika jina la kituo na saa uliyofika. Kisha nenda kwa wanaoshughulikia ulinzi wa wakimbizi hapa kambini, au kwa ofisi ya serikali inayotoa msaada wa kisheria kwa wasio na uwezo.

Jambo jingine: kuna makosa ambayo wazee chini ya mti hawana ruhusa ya kuyamaliza. Mtoto au mwanamke akibakwa, mtu akijeruhiwa au kuuawa, hayo siyo ya mbuzi na magodoro. Hayo ni ya polisi na mahakama. Familia ikikubali "kuyamaliza nyumbani", inamfunga mdomo aliyeumizwa.

TUANZIE NYUMBANI

Mtoto hajifunzi haki kwenye ubao wetu. Anaijifunza jioni, pale wawili wakigombania sahani na mama anaamua. Ukimpiga mkubwa kila mara kwa sababu tu ni mkubwa, bila kumsikiliza, unamfundisha kwamba mwenye nguvu hana haja ya ushahidi. Ukisema, "Nilikosea, kumbe siyo wewe uliyemwaga," unamfundisha kwamba hata mkubwa anaweza kuambiwa hapana akakubali. Pengine ndipo figa linapoanza kuchomwa moto likawa gumu.

Wiki iliyopita tulimsomea yule papa makala hii kabla ya kuituma. Alisikiliza mpaka mwisho. Akauliza: "Wale majaji watano, bado wako hai?" Tukamwambia kwamba baada ya hukumu walipewa hata tuzo kutoka London mwaka 2020. Akatikisa kichwa. Akasema: "Tuzo ni vizuri. Mimi niliuliza kama wako hai, maana kwetu jaji kama huyo hulala nchi ya jirani." Halafu akafungua daftari lake, somo la Kiingereza likaendelea.

Maswali ya kuzungumza katika familia:

1. Katika ugomvi wa daftari la kioski, kwa nini uamuzi wa mzee wa kwanza haukukubalika?
2. Kwa nini majaji wa Malawi hawakumtangaza mshindi mwingine, bali waliamuru uchaguzi urudiwe?
3. Je, katika nyumba yetu, mtoto anaruhusiwa kujieleza kabla ya kuadhibiwa?
4. Mtu wa familia akikamatwa leo usiku, nani kati yetu atakwenda kituoni, na atauliza maswali gani?

Mkipenda, andikeni majibu mtuletee darasani jioni, siku yoyote ya juma isipokuwa Jumapili. Hata kwa Kifaransa, Kirundi au Kinyarwanda tutayasoma. Tunawatakia mwezi mwema.

Walimu wa kujitolea, madarasa ya jioni